Kituo kimebomoka, uchaguzi uko palepale

Janga likitokea wiki chache kabla ya kura, swali la kwanza huwa vituo vingapi vimebomoka. Mimi ningeuliza daftari la wapiga kura liko wapi. Jengo utapata mbadala, hata hema. Daftari likipotea bila nakala mkoa mwingine, hakuna uchaguzi.

Maafisa wa uchaguzi, karatasi za kura zilizolowa msizianike ili zitumike. Hukunjamana, wino huchuja, zikigandana mbili zinahesabiwa kuwa moja. Orodhesheni namba za vishina, yaani vipande vinavyobaki kitabuni karatasi ikichanwa, mbele ya mawakala wa vyama, wasaini, zifungwe kwa lakiri, kisha agizeni nyingine zenye namba tofauti. Mkizitupa kimyakimya, kesho mtaambiwa mmeficha kura. Vifaa vya kielektroniki vilivyoingia maji msiviwashe "kujaribu tu". Toeni betri, mpelekeeni fundi.

Kuunganisha vituo ndiko kunakoharibu mengi. Tuseme vituo 3 vya wapiga kura 400 kila kimoja vinahamia ukumbi mmoja. Kila kituo kibaki na daftari lake, sanduku lake na fomu yake ya matokeo. Mkichanganya, jioni hamtaweza kulinganisha kura na waliotiwa alama daftarini. Halafu pigeni hesabu ya foleni: mtu mmoja akichukua dakika 2 kwenye meza ya utambuzi, saa 10 zinatosha watu 300 tu. Kwa hiyo 400 wanahitaji meza mbili, daftari likigawanywa kwa herufi za majina.

Waliohama ni kazi nyingine. Baada ya kimbunga Katrina, uchaguzi wa meya wa New Orleans ulisogezwa kutoka Februari 4 hadi Aprili 22, 2006, na vituo vikafunguliwa katika miji mingine ya Louisiana, jimbo la Marekani lenye mji huo. Kumbukeni karatasi ya urais ni moja nchi nzima, ila ya diwani hubadilika kila kata. Kambi moja inaweza kuhitaji aina nyingi.

Kuahirisha? Someni sheria kwanza. Japani, baada ya tetemeko la Machi 2011, ilibidi bunge litunge sheria maalumu ili chaguzi za mitaa za maeneo yaliyoathirika zisogezwe.

Na tangazo la redioni pekee halitoshi. Siku ya kura wekeni mtu penye kile kituo kilichobomoka, tangu milango inapofunguliwa hadi kufungwa, akiwa na ramani na gari la kuwapeleka wazee kituo kipya.