Ncha ya jani la mkoko

Jumapili, baada ya isha

Jani lenyewe liko hapa mezani, ukingo wake umeanza kukunjamana. Nimelichuma asubuhi Mikindani, maji yakiwa yamekupwa, nikalipima kwa rula: sentimita 13. Wiki tatu nzima nimekuwa nikichora jani la mkoko kwenye laptopu, na leo ndiyo kwanza nimeliona.

Tableti yangu ya kuchorea ni ya mtumba, haina skrini. Mkono unachora mezani, macho yanatazama kwingine. Siku za mwanzo mistari ilikwenda upogo, nikawa nachora duara tu, jioni baada ya jioni, hadi mkono ukazoea. Natumia Inkscape, programu ya bure. Inachora kwa vekta, yaani mstari unahifadhiwa kama nukta chache na mikunjo kati yake, kwa hiyo hata ukiukuza vipi haufifii. Kivuli nakitia kwa Krita, nayo ya bure.

Picha ya jani niliyoipiga kwa simu niliiweka tabaka la chini (tabaka ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya mchoro, kila moja unaweza kuiwasha au kuizima), nikaifunga isisogee. Juu yake tabaka la mstari wa nje, jingine la mishipa, jingine la kivuli. Desturi ya michoro ya kisayansi ni mwanga kutoka juu kushoto, ili msomaji asichanganye bonde na mwinuko. Halafu kipimo: kistari cha sentimita 1 ndani ya mchoro wenyewe. Ukiandika “mara 2”, yaani mchoro ni mara mbili ya jani, kisha mchapishaji akaupunguza uenee kwenye safu ya ukurasa wake, maneno yale yamekuwa uongo. Kistari hupungua pamoja na jani. Hili nililipenda sana nilipolielewa.

Mistari yangu ilikuwa inatetemeka. Programu ina amri ya kurahisisha mstari: inapunguza zile nukta, mikunjo inalainika. Nikaibonyeza mara tatu. Jani likatoka safi, nikakesha nikilitazama.

Jana nikampelekea mjomba, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye mikoko akikata boriti. Akaishika laptopu kwa mikono miwili.

“Mashallah. Mkandaa huu umeuchora vizuri.”

“Ni mkoko, mjomba.”

“Mkoko una kijimwiba hapa nchani, mwanangu. Hili lako limeviringa.”

Niliporudi nyumbani nikafungua faili, nikazima tabaka moja moja. Kwenye picha ncha ilikuwepo, nyembamba kama ya sindano. Hata mstari wangu wa kwanza ulikuwa nayo. Ile amri ndiyo iliyoifuta, kwani kwa hesabu yake kijincha cha milimita chache hakina tofauti na mtetemo wa mkono. Na jina la mti kwa wanasayansi ni Rhizophora mucronata. Mucro kwa Kilatini ni ncha kali. Nilikuwa nimeufutia mti jina lake.

Imeniuma, maana mchoro huu nimewaahidi vijana wa mtaani wanaopanda miche. Mkoko hupenda matope ambayo maji huyafikia mara kwa mara; mkandaa huota juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Mtu akifuata karatasi yangu akachanganya miti hii miwili, miche yake itakufa, naye hatajua kosa liko wapi.

Ndiyo maana leo nimekwenda mwenyewe, na daftari na penseli, laptopu nimeiacha nyumbani. Nimekaa saa mbili na jani moja. Nilipoligeuza nikakuta upande wa chini umejaa vidoa vyeusi, vidogo kama vumbi la makaa. Sikuwa nikivijua, kwa sababu picha yangu ilipigwa kutoka juu. Mjomba nilipompigia simu akasema mkandaa hauna vidoa hivyo. Yeye anavijua tangu ujana.

Mchoro wa penseli nimeuskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na kuuweka tabaka la chini, mahali pa ile picha ya simu. Mstari wa nje nimeupitia upya, polepole, nukta moja nikiiweka kwa makusudi pale nchani. Bado unatetemeka mahali pawili. Nimeuacha hivyo hivyo.

Jani nimelifunika kwa kitambaa kibichi lisikauke. Kesho nachora upande wa chini.