Tokeni za umeme zinaisha haraka? Pima kwanza

Chomoa kila kitu, hata friji, kisha tazama kitaa chekundu cha mita. Ikiwa mita imeandikwa 1000 imp/kWh (yaani kitaa huwaka mara 1000 kwa kila uniti), gawanya 3600 kwa sekunde kati ya kuwaka mara moja na nyingine. Hizo ndizo wati. (Ya 1600, gawanya 2250.) Kikiwaka kila sekunde 90 ni wati 40, karibu uniti 29 kwa mwezi, na hujapika hata chai!

Zima swichi kuu. Kitaa kikiendelea, kuna waya umeunganishwa kabla ya swichi hiyo, pengine taa ya ngazi za ploti. Usiuguse, ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya.

Friji nayo: bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka.