Sabuni ya mche ilinishinda, viberiti vikanivusha: uzoefu wangu wa kufundisha mzingo na eneo la nyuso

Mwaka nilipokabidhiwa hisabati ya darasa la sita, mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinishauri nisipoteze muda kwenye mzingo wala kwenye eneo la nyuso za mche mstatili, yaani umbo kama la boksi. Watoto wapewe kanuni, waikariri, tuendelee. Nilimheshimu, nikaufuata ushauri wake kwa wiki mbili. Kisha nikatoa zoezi lenye mchoro wa miraba mitano iliyopangwa safu moja na kugusana, kila upande ukiwa sentimeta 1, na zaidi ya nusu ya darasa wakaandika kwamba mzingo ni sentimeta 20. Walikuwa wamezidisha 4 kwa 5. Kanuni ya mzingo wa mraba waliijua barabara, ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba pande mbili zikigusana, zote mbili zinatoka kwenye mzingo. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu ungali unatolewa kwa walimu wapya.

Niliamua kuanza na kitu cha kushika mkononi, nikachagua sabuni ya mche. Neno «mche» lilikuwa limewatisha wanafunzi, ilhali hakuna hata mmoja wao ambaye hajawahi kutumwa dukani kununua mche wa sabuni. Nilinunua miche kadhaa, haikufika elfu kumi yote, nikakaa jikoni usiku nikikata michemraba midogo 24 kwa kila kundi. Kisu kilikuwa kikivunja kona. Nikajaribu uzi wa kushonea, ambao ulikata vizuri juu lakini ukipinda kadiri unavyoshuka, hata vipande vingine vikatoka vipana chini na vyembamba juu. Nilijiambia kwamba vitafaa. Darasani, kwa joto la saa sita mchana, vipande vililainika na kuanza kunatana, na pale visiponatana vilitelezeana. Mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele alipanga vyake 2 kwa 3 kwa 4 kama nilivyoelekeza, akainamia na kuchungulia kutoka juu, kisha akauliza: «Mwalimu, umesema uso uliogusana hauhesabiwi, mbona huu wa ndani nauona?» Alikuwa na haki kabisa. Kipande chake kilikuwa kimepinda kama kabari, na mwanya ulioachwa ulionyesha nyuso nilizokuwa nikidai kwamba zimefichika. Kila kundi lilipata jibu lake, na kipindi kizima cha dakika 40 kikaishia kwenye ubishi ambao sikuweza kuumaliza. Anayetaka michemraba na atafute mabaki ya mbao kwa fundi seremala, asijaribu sabuni.

Wiki iliyofuata nilirudi na viberiti. Njiti zake zilinitosha kwa mzingo, na maboksi yake yakanitosha kwa eneo la nyuso. Vichwa vya njiti nilivikata vyote nyumbani kwa kikatio cha kucha, kazi ya uvumilivu lakini ya lazima unapowapa watoto hamsini.

Walipanga miraba ya njiti kwa safu na kujaza jedwali. Hapa ndipo nilipogundua kosa ambalo kanuni isingelifichua kamwe: miraba mitano inatumia njiti 16, na wengi waliandika kwamba mzingo ni 16. Niliwaambia waondoe kila njiti ambayo sisimizi anayetembea ukingoni asingeikanyaga. Njiti nne za katikati zikatoka, zikabaki 12. Baada ya hapo walijaza wenyewe: mraba mmoja 4, miwili 6, mitatu 8, na binti mmoja akaeleza ubaoni kwamba kila mraba mpya unaleta pande nne lakini mguso wake unafuta mbili, kwa hiyo mzingo ni 2n + 2, n ikiwa idadi ya miraba. Maelezo yake yalizidi yote niliyowahi kuandika kwenye andalio la somo.

Sasa maboksi. Kila kundi lilipata viberiti kumi na karatasi ya kaki ya kujaladia madaftari, na kazi ilikuwa kuvipanga kama tofali moja ambalo litafunikwa kwa karatasi kidogo iwezekanavyo. Tulikadiria boksi moja kuwa sentimeta 5 kwa 3.5 kwa 1.5, hivyo likiwa peke yake lina sentimeta za mraba 60.5, na kumi yakitengana yana 605. Karibu makundi yote yalijenga mnara wa maboksi kumi yaliyolazwa, yakiamini kwamba kuficha nyuso kubwa ndiyo siri yote. Mnara ule una migusano tisa ya uso mkubwa, kila mmoja ukifuta 35, kwa hiyo zinabaki 290. Kundi moja tu liligawa mnara kuwa nguzo mbili za tano-tano zilizobanana kwa ubavu mrefu. Wenzao waliwacheka kwa kupoteza mguso mmoja mkubwa, lakini walipohesabu, ile 35 iliyopotea ilikuwa imefidiwa na migusano mitano ya ubavuni, kila mmoja ukifuta 15, yaani 75. Jibu lao likawa 250, na tofali lao la 5 kwa 7 kwa 7.5 lilikuwa limekaribia umbo la mchemraba. Nilijizuia kusema lolote mpaka wao wenyewe walipoliona hilo.

Ujanja ambao bado unanifurahisha ni huu: pakiti zote za viberiti kumi-kumi nilikuwa nimezifungua nyumbani, ila moja niliificha kwenye mkoba bila kuichana. Niliitoa mwishoni na kuiweka mezani, na darasa likanyamaza, kisha likalipuka kwa shangwe, kwa kuwa ndani ya karatasi yake viberiti vilikuwa vimepangwa nguzo mbili za tano-tano.

Siku hiyo hiyo wakajipa kazi ya viberiti 12. Wengine walileta nguzo mbili za sita zenye 286, wengine nguzo tatu za nne zenye 291, na kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa bado walikuwa wamezunguka dawati wakikata kaki ili wapime kwa macho tofauti ya zile 5.