Shehena ya MotoGP na Ndege Iliyoharibikia Mombasa

Ijumaa ya tarehe 1 Aprili 2022, katika uwanja wa mbio wa Termas de Río Hondo nchini Argentina, mazoezi yote ya mashindano ya dunia ya pikipiki, MotoGP, yalifutwa. Sehemu ya shehena ya timu ilikuwa bado haijafika, kwa kuwa mojawapo ya ndege zilizoibeba kutoka kisiwa cha Lombok, Indonesia, ilikuwa imeharibikia Mombasa na ikawa inangoja kipuri. Ninaishi Barcelona, na kazi yangu ni kuandaa hati za forodha kwa mizigo inayotoka Ulaya kwa muda na kurudi, ikiwemo ya timu za michezo. Kabla ya hapo nilikuwa katika ugomboaji wa mizigo bandarini Kilindini. Ndugu na jamaa nyumbani waliniuliza sana wakati ule inakuwaje ndege moja iliyosimama katika uwanja wa ndege wa Moi izuie mbio upande wa pili wa Atlantiki, na swali hilo linastahili jibu kamili.

Mwaka 2025 mashindano haya yalikuwa na raundi 22, ambapo 14 zilikuwa Ulaya na 8 nje yake: Thailand, Argentina, Marekani, Qatar, Japani, Indonesia, Australia na Malaysia. Kila mwendeshaji wa daraja la juu ana pikipiki mbili, na wa Moto2 na Moto3, madaraja ya chini yake, wana moja moja. Lakini pikipiki ni sehemu ndogo ya mzigo. Zipo injini za akiba, matairi ya Michelin na Pirelli, kompyuta, kuta za gereji, nyaya, vifaa vya madaktari, na mitambo ya matangazo ya televisheni.

Ndani ya Ulaya timu husafiri kwa malori yao, na huko kazi ni nyepesi kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya humruhusu dereva kuendesha saa 9 kwa siku, au saa 10 mara mbili tu kwa wiki, na humlazimu kupumzika dakika 45 baada ya kukaa kwenye usukani saa 4 na nusu. Takografu, kifaa cha ndani ya lori, hurekodi saa hizo zote, na polisi wa barabarani huisoma. Madereva hao hao, wakishafika, mara nyingi ndio husimamisha mahema na kushughulika na matairi. Tangu Uingereza ilipotoka katika soko la pamoja mwanzoni mwa 2021, safari ya Silverstone nayo inadai karatasi kama safari ya kuvuka bahari.

Shehena inapopanda ndege, mambo hubadilika kabisa. Jumapili mbio zinapomalizika, mafundi huanza kufungua gereji wakati washindi wangali wanashangiliwa. Tangi la mafuta hukaushwa, betri hushughulikiwa kwa kanuni zake, na pikipiki hufungwa kwa mikanda ndani ya kasha isitikisike. Kanuni za IATA, yaani shirika la kampuni za ndege duniani, huiweka pikipiki ya petroli katika orodha ya bidhaa hatari kwa namba UN 3166, na kila betri ya lithiamu ya akiba ina masharti yake, kwa hiyo kasha lisilo na alama sahihi halipokelewi hata kama mbio ni kesho. Makasha hupangwa juu ya mabamba ya alumini yenye sentimita 318 kwa 244, hufunikwa kwa wavu, kisha hupimwa. Boeing 747-400F hubeba mabamba 30 kwenye sitaha kuu na 9 chini yake. Mpangilio wake hufikiriwa kuanzia mwisho: kitakachohitajika kwanza uwanjani, yaani kuta, nyaya na taa, ndicho kinachopaswa kushuka kwanza, kwa sababu fundi hawezi kufungua injini katika chumba kisicho na umeme.

Hata hivyo ninaamini kwamba uhai wa mashindano haya uko kwenye karatasi. Nchi nyingi huyapokea makasha hayo kwa karneti ya ATA, hati inayotolewa na chemba za biashara, ambayo huruhusu vifaa kuingia nchini kwa muda bila ushuru, kwa ahadi kwamba vitatoka vyote. Jalada lake ni la kijani. Kurasa za njano ni za kutoka nyumbani na kurudi, nyeupe ni za kuingia na kutoka nchi ya ugenini, na za buluu ni za kupita tu. Ndani yake mna orodha ya kila kitu: maelezo, idadi, uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa. Wakati wa kuikagua mimi husimama na fundi mbele ya kasha lililo wazi, yeye akisoma namba iliyochongwa kwenye kompyuta ya injini, nami nikiifuata kwa kalamu kwenye karatasi, kisha tunahamia kwenye spana, jeki na vipasha joto vya matairi, kimoja baada ya kingine, kwa sababu orodha ikisema spana 24 na afisa wa forodha akahesabu 23, ile moja huchukuliwa kuwa imebaki nchini mwake na ushuru wake hudaiwa. Vitu vya kutumika vikaisha, kama mafuta ya breki, vyakula na fulana za kugawa, haviingii katika karneti hata kidogo na hudai hati nyingine. Aliyewahi kugomboa kontena Kilindini anaufahamu ukali huu wa hesabu.

Sasa tuirudie ile ndege. Mbio za Mandalika, Lombok, zilikuwa tarehe 20 Machi 2022, na za Argentina tarehe 3 Aprili. Wiki mbili zinaonekana nyingi, lakini ndege ya mizigo iliyojaa hulazimika kutua njiani kujaza mafuta, kwa kuwa kila tani ya shehena hupunguza mafuta inayoweza kubeba. Mwezi uleule ndege kubwa za mizigo za Urusi zilikuwa zimetoka sokoni kwa sababu ya vikwazo vya vita vya Ukraine, na dunia nzima ikawa inagombea chache zilizobaki. Katika hali hiyo, ndege ikiharibika hakuna nyingine ya kukodi kwa usiku mmoja. Mazoezi na mchujo vilibanwa vyote katika Jumamosi, na Jumapili mwendeshaji Aleix Espargaró akaipa Aprilia, kampuni inayotengeneza pikipiki, ushindi wake wa kwanza katika daraja la MotoGP. Halikuwa pigo la kwanza la aina hiyo: majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, mbio za Motegi, Japani, zilisogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba.

Ninaloona mimi ni kwamba ratiba imebanwa kupita kiasi, na anayelipa ni mtu wa gereji na wa ghalani. Miezi michache tu baada ya Argentina, mwaka uleule wa 2022, mbio za Aragón zilifanyika tarehe 18 Septemba na za Motegi tarehe 25, na ilibidi Ijumaa ya Japani ipunguzwe kwa sababu shehena na watu wasingewahi. Wiki moja kati ya Uhispania na Japani haina nafasi hata ya kipuri kimoja kuchelewa. Nafasi hiyo ndiyo iliyosaidia mwaka 2024, mafuriko yalipoikumba Valencia mwishoni mwa Oktoba na raundi ya mwisho ikahamishiwa Montmeló, hapa jirani na Barcelona, tarehe 15 hadi 17 Novemba. Mbio za Malaysia zilikuwa zimekwisha tarehe 3, na wiki mbili hizo, bila kuharibikiwa njiani, zilitosha kuelekeza mzigo kwingine.

Wapo vijana wa Mombasa na Dar es Salaam wanaoniuliza kama kazi hii inaweza kupatikana. Inapatikana, na uzoefu wa bandarini una thamani. Cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, EACFFPC, huonyesha kwamba unaijua kazi, lakini peke yake hakikupi ruhusa ya kutia sahihi matamko ya forodha Ulaya, kwa hiyo wengi wetu huanzia ghalani au kwenye dawati la hati. Mafunzo ya bidhaa hatari ya IATA ndiyo yanayofungua mlango haraka zaidi. Cheti chake hudumu miezi 24 tu, hivyo ni vyema kukichukua karibu na wakati wa kuomba kazi.