Kulala gesti Lushoto: kagua bafu kabla hujalipa

Mtu anayepanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwezi wa 6 au wa 7 akitokea Dar au Tanga mjini hufika na nguo za pwani. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua likishajificha nyuma ya milima, baridi haibishi hodi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na ubaridi huo ndio uliowavuta. Gesti nyingi za hapa ni ndogo, vyumba vichache vinavyozunguka ua, na kwa kawaida chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Runinga na rangi mpya ukutani hazikuambii lolote kuhusu usiku utakaoupata. Nenda ukaangalie bafu na kitanda.

Salimia kwanza, kwa utulivu. Kuanza na bei mlangoni ni utovu wa adabu. Kisha sema, "Dada, naomba nione chumba kwanza." Hakuna atakayeshangaa. Ukishapewa ufunguo, ingia bafuni ufungue maji.

Chumba cha selfu, yaani chenye bafu lake ndani, hapa mara nyingi kina hita ndogo ya umeme iliyofungwa palepale kwenye bomba la mvua. Haina tanki: maji hupata moto yanapopita. Ndani yake mna kiwambo cha mpira ambacho husukumwa na maji ndipo kiwashe umeme. Kama tanki la juu limewekwa chini mno, au maji yamebaki kidogo, msukumo hautoshi, hita haiwaki, na unaoga maji ya barafu huku taa yake ikikudanganya. Dawa yake si kupiga kelele mapokezi. Uliza tanki liko wapi, kisha omba chumba kilicho mbali nalo kwa kimo, yaani cha chini kabisa.

Kosa la pili ni kufungua bomba lote. Hita ya wati 5,500 ina nguvu yake na haiongezeki. Maji ya tanki yakiwa na nyuzi 15, ambayo si ajabu alfajiri ya Julai, ukiruhusu lita 3 kwa dakika yatatoka na nyuzi kama 41, joto zuri kabisa la kuoga. Ukifungua hadi lita 5 kwa dakika, hita ileile inakupa nyuzi 31 hivi, na utaapa kwamba imeharibika. Kwa hiyo punguza maji polepole, usubiri kidogo, uguse, upunguze tena. Ukizidisha kupunguza, kiwambo kinaachia na hita inazima. Hapo rudisha kidogo tu. Kupima lita 3 ni rahisi: kopo la lita moja lijae kwa sekunde 20.

Saa nayo ina neno. Kati ya saa 1 na saa 3 usiku kila nyumba inatumia umeme, na umeme ukiwa mdogo hita inalegea kuliko unavyodhani. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, nguvu ya hita hubaki chini kidogo ya asilimia 70. Ndiyo maana mgeni mzoefu huoga saa 11 jioni, au husubiri hadi saa 4 usiku wenzake wakishalala.

Halafu kuna usalama, na hapa usione haya. Tazama waya unaoingia kwenye hita. Kama umeunganishwa kwa selotepu, au plastiki imebadilika rangi na kunuka kuungua, kataa chumba. Hita hiyo hula ampea 24 hivi, na waya mwembamba wa taa hauwezi kuzibeba. Ukishika koki ya chuma ukahisi shoti hata ndogo, zima swichi ya ukutani kwa mkono mkavu na utoke. Hapo waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haupo au umekatika. Na usigeuze kitufe cha moto na baridi wakati maji yanatiririka. Funga maji kwanza.

Kwa kweli, gesti isiyo na hita kabisa inaweza kukutunza vizuri zaidi. Omba maji ya moto kwa ndoo. Lita 5 zilizochemka zikichanganywa na lita 10 za baridi zinafika nyuzi 41 au 42, bila kutegemea volti wala kiwambo. Tia ya baridi kwanza kwenye beseni ndipo umimine ya moto. Mwambie mhudumu saa unayotaka, maana yanachemshiwa kwenye kuni au mkaa na hayaji kwa dakika 5.

Sasa kitanda. Uliza ni futi nne kwa sita au tano kwa sita, kisha inua shuka kwenye pembe ya godoro upande wa kichwani. Mulika kwa tochi ya simu kwenye mshono na kwenye nyufa za chaga: vidoti vyeusi kama vya kalamu ni kinyesi cha kunguni. Ukiviona, usibadilishe chumba tu, badilisha gesti. Mpaka ujiridhishe, begi likae juu ya kiti, lisiguse kitanda.

Blanketi moja halitoshi. Omba mawili, na la pili usijifunike: litandike chini ya shuka. Godoro jembamba likishabonyea linapitisha baridi ya sakafuni, na mtu anaongeza nguo juu wakati anapoganda ni mgongoni. Neti nayo ichunguzwe, maana mara nyingi kitanda cha tano kwa sita kimefungiwa neti ya nne kwa sita, haifiki chini ya godoro. Mbu ni wachache kuliko kule Mombo, chini ya milima, ila wapo.

Harufu ya ukungu ukutani ni ishara kwamba nguo ukizifua hazitakauka. Usifue.

Chai ya asubuhi hupangwa jioni. Gesti ndogo haina stoo ya vyakula. Mayai na mkate hununuliwa usiku ule au alfajiri, kwa idadi ya walioagiza. Mhudumu akiuliza "utakunywa chai saa ngapi?" jibu saa kamili, na useme unachotaka: mayai ya kukaanga au ya kuchemsha, chapati au mkate, chai ya rangi au ya maziwa. Usiposema utaletewa chupa ya chai, vipande vya mkate wenye siagi na yai moja. Msimu wa matunda ukiwa umefika, ulizia plamu, peasi na parachichi, maana zinalimwa hapahapa na ni ajabu ya kusikitisha jinsi gesti nyingi zinavyokuletea ndizi moja tu. Mwezi wa Ramadhani jiko la asubuhi linaweza kuwa limefungwa. Uliza mapema, na kama umefunga, agiza daku.

Malipo ni kabla ya kulala. Utajaza kitabu cha wageni: jina, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho. Beba kitambulisho chenyewe, picha ya kwenye simu wengine hawaikubali. Kama umesafiri kikazi na unataka kurudishiwa hela, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakati unalipa, kwa sababu asubuhi mwenye mashine huwa hajafika. Soma pia tangazo nyuma ya mlango. Gesti nyingi haziruhusu watu wa jinsia moja kulala chumba kimoja, kwa hiyo wewe na rafiki yako mtalipia viwili. Na ile ya "uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa" maana yake ni kwamba pesa na kompyuta zikabidhiwe mapokezi, zikiandikwa. Muda wa kutoka kwa kawaida ni saa 4 asubuhi. Ukichelewa unaweza kudaiwa siku nyingine.

Mabasi ya Dar huanza kuondoka alfajiri, kabla jiko halijawashwa. Usiache chai uliyoilipia: jioni omba mayai mawili ya kuchemsha na chapati vifungwe kwenye karatasi, ila usivile kabla ya Mombo, maana kona za kushuka mlima kupitia Soni hazina huruma na tumbo lililojaa. Mlinzi mwambie usiku uleule saa ya kufungua geti, na mkubaliane ufunguo wa chumba unamwachia nani.