Menejimenti wakikufuata inbox, uliza kwanza hela inaingia akaunti ya nani

Ukishaanza kupata followers wa kueleweka lazima watakuja tu, "habari mrembo tumependa kontenti zako tunataka tukusimamie", na wengi wetu hapo swali la kwanza ni asilimia ngapi. Wakisema ishirini tunaona poa, wakisema arobaini tunakasirika. Mimi asilimia naiweka mbali kidogo, cha kwanza nataka kujua hela inaingia akaunti ya nani.

Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Defy Media, ilikuwa na mtandao wa chaneli kibao za YouTube na hela za matangazo zilikuwa zinapitia kwao kwanza ndo wenye chaneli wagawiwe. Novemba 2018 ikafunga. Watu wameshafanya kazi, views zimeshahesabiwa, hela zao zikakwama mle mle kwenye kampuni yenye madeni. Hapo hata ungekuwa umekubaliana asilimia tano ingekusaidia nini?

Sasa kuna mdogo wangu anapika TikTok na YouTube hapa Dar, juzi kanitumia mkataba, "dada nisomee kabla sijasaini". Kuna kipengele kinasema "mapato yote yatokanayo na jina, sura na sauti ya Msanii" yalipwe kwa Kampuni, halafu chini huko akabidhi email na paswedi za akaunti zote. Yaani hata akiitwa kuwa MC kwenye harusi ya binamu yake hela ipitie kwao! Na hakuna sehemu imeandikwa watamlipa ndani ya siku ngapi.

Paswedi usitoe jamani. YouTube Studio ina sehemu ya ruhusa, unamuongeza mtu kama meneja au edita kwa email yake mwenyewe na siku mkiachana unamtoa. AdSense, ile akaunti ya Google inayokulipa hela za matangazo ya YouTube, ibaki jina lako na benki yako. Namba ya simu ya kurudishia akaunti iwe laini uliyosajili wewe, sio ya ofisi. Dili za matangazo wakisisitiza zipitie kwao basi iandikwe siku za kukulipa na haki yako ya kuona mkataba waliosaini na mteja, maana ukisikia milioni mbili hujui kama mteja katoa nne.

Asilimia nayo ya nini? Chukua hiyo milioni mbili, wao ishirini, kushuti kumekula laki tano. Wakikata kwenye jumla wanachukua laki nne, wakikata baada ya gharama ni laki tatu. Dili moja tu hilo.

Kampuni yenyewe itafute kwenye mfumo wa BRELA, wale wanaosajili kampuni Tanzania, na ukitaka wakurugenzi na wanahisa lipia upekuzi, kwa Kenya wanaita CR12. Halafu tafuta waliowahi kuwa chini yao wakatoka, hao ndo wa kuwauliza, wale wa kwenye matangazo yao bado wapo ndani watakwambia nini.

Na kutoka kunagharimu nini? Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, 2019 alisema alitakiwa kulipa milioni 500. Ule ni muziki na hela kubwa, ila kwetu pia kipengele cha kuvunja mkataba kinakuwepo, na kingine kinachosema hata ukiisha wataendelea kukata kwenye dili walizokuletea. Hicho sikikatai moja kwa moja kama kazi waliifanya, ila kiwe na mwisho, miezi sita sawa, milele hapana.

Mdogo wangu kawaandikia maswali yote haya kwa email. Wamejibu la asilimia tu, mengine wanasema "njoo ofisini tuyajenge". Nimemwambia ofisini aende wakishajibu kwa maandishi, na aende na mwanasheria.