Mia Mbili, Mia Tatu

Dereva wa teksi alinitoza hryvnia 800 kwa mwendo wa dakika kumi hadi stesheni ya Kyiv, na hasira ya pesa ile ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa narudi Kharkiv kufuata cheti changu cha chuo, nilichokiacha Machi 2022 nilipokimbia na begi moja la mgongoni. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu 24 Februari mwaka ule, kwa hiyo mtu wa Bukoba kama mimi anaruka hadi Warsaw, anapanda treni mpaka Przemyśl mpakani, kisha treni nyingine. Siku hizo sina la kuzisimulia. Kiuno changu kinalo.

Treni ya usiku ya kwenda Kharkiv ina vyumba vya vitanda vinne. Mimi nilipangiwa juu, mahali ambapo ukikaa wima unagonga dari. Chini alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake, na mkabala nao askari wa makamo aliyevaa sare ile ya vidoa vya mraba ambayo wenyewe huiita piksel. Mhudumu wa behewa alileta chai kwenye bilauri zenye vishikio vya chuma. Bibi akaanza kumenya mayai. Simu ya askari ikaita.

Kirusi changu ni cha hosteli: natukana vizuri kuliko ninavyosoma. Nikamsikia akirudia polepole, kama anayeandika kichwani: “Odin dvukhsoty, dva tryokhsotykh.” Nikajitafsiria papo hapo: moja ya mia mbili, mbili za mia tatu. Basi nikamwona kabisa muuza mitumba akipanga mashati kwa bei. Alipokata simu akabaki anaitazama chai yake. Na mimi mjuaji nikachungulia toka juu:

“Mia mbili? Mbona bei poa! Mimi leo nimepigwa mia nane.”

Bibi aliacha kumenya. Ganda la yai lilibaki limemning'inia kwenye kidole gumba, na mtoto akamtazama bibi yake ajue kama hapa panachekwa au hapachekwi. Askari hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akagonga godoro kando yake kwa kiganja: shuka.

Dvukhsoty, akanieleza, ni aliyekufa. Tryokhsoty ni majeruhi. Ni hesabu waliyoirithi kwa jeshi la Kisovieti lililokuwa Afghanistan, ambako majeneza yaliyorudishwa nyumbani kwa ndege yaliitwa shehena 200. Yupo pia wa mia tano: aliyegoma kupigana. Simu ilitoka kikosini kwake. Yeye likizo ndiyo ilikuwa inamwishia usiku ule.

Nikaomba radhi kwa Kirusi, kwa Kiingereza, na bila kujijua kwa Kihaya. Akapumua puani, karibu acheke.

“Laiti ingekuwa bei,” akasema.

Sikulala, naye hakulala. Nadhani alitaka kuongea chochote kisichokuwa simu ile, maana alinipa maneno mpaka karibu na alfajiri. Nul, sifuri, ni mstari wa mbele kabisa. Ptashka, kindege, ni droni. Zile droni za Shahed zinazokuja usiku kulipua wanaziita moped kwa mngurumo wake. Kwetu zingeitwa bodaboda siku ya kwanza tu. Bukhanka, mkate wa boflo, ni kile kigari cha UAZ chenye umbo hilohilo. Kombora likiondoka upande wao ni vykhid, la adui likitua ni prylit: kutoka na kuwasili, kama ubao wa uwanja wa ndege, katika nchi isiyo na ndege ya abiria hata moja. Mlipuko upande wa Urusi ni bavovna, yaani pamba. Vyombo vya habari vya huko vilipenda kusema khlopok, kishindo, na neno hilo ukilihamisha mkazo tu linakuwa pamba. Waukraine wakalitafsiri vibaya kwa makusudi, na likashika.

Grad, mtambo wa kurusha maroketi, nilikuwa nalijua: maana yake mvua ya mawe. Nikamwambia baba yangu mkubwa alipigana Vita vya Kagera, 1978 na 1979, na maroketi ya aina hiyo Waganda waliyaita saba saba. “Na nyie namba!” akasema, akafurahi kupita kiasi.

Lakini hapo nilibisha kimoyomoyo. Mama amefundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote, na hugombana na redio kila mtangazaji anaposema “maiti mbili”. Kwake ni maiti wawili, kufa hakumtoi mtu kwenye ngeli yake. Laiti simu ile ingekuwa ya Kiswahili, askari angelazimika kusema mmoja wa mia mbili, wawili wa mia tatu. Hiyo “m” moja tu ingenifunga mdomo.

Kharkiv aliteremka kabla yangu, begi begani, bila kwaheri ndefu. Jina lake la vitani alinitajia na kunikataza kuliandika. Neno la mwisho alilonifundisha lilikuwa 4.5.0: shwari, hakuna jipya. Mkewe kila jioni hungoja tarakimu hizo tu.

Cheti nilikipata siku ya tatu, na ada ya mhuri niliilipa mara mbili kwa sababu dirisha la kwanza halikuwa dirisha lenyewe. Usiku huo mama akaniandikia: mwanangu, uko salama? Nikamjibu 4.5.0.

Jibu lilikuja upesi. “Hiyo hela ya nini tena? Sina.”